Nyimbo Zilinirudia

Mimi ni DJ wa sherehe na mtengenezaji wa remiksi, mzaliwa wa Kasulu. Ushuhuda huu nautoa kwa kijana yeyote wa kwetu aliyepoteza vyombo akadhani na kazi imekwisha.

Nilianza kwa pesa ya maharage: kompyuta ya mtumba, mikisa ndogo na spika za kukodi. Harusi kwetu husubiri mavuno, kwa hiyo kiangazi chote nilikuwa njiani kati ya Kasulu na Kibondo, vyombo vimefunikwa turubai kwa sababu ya vumbi. Siku nyingine nilishinda kibandani Makere, jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nikiwarushia watu nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Wenzangu waliicheka kazi ile, lakini ndiyo iliyonifunza. Kijana anataka singeli, mzee wa Kikongo anataka rumba ya zamani, mama anataka kwaya. Ukikaa hapo muda mrefu, unajua nani atainuka kwa wimbo gani.

Ndipo nikaanza kuunganisha. Singeli hukimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Wimbo wa Bongo Fleva wa mapigo 100 unaingia humo bila kuvutwa, maana kila pigo lake moja linabeba mawili ya singeli. Mwimbaji anatembea taratibu, ngoma chini yake zinakimbia, na bibi na mjukuu wanacheza pamoja, kila mmoja kwa mwendo wake. Nilipata moyo niliposikia kwamba mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Kumbe muziki wa uswahilini unavuka mpaka!

Mwishoni mwa 2019 nilikuwa napiga harusi Kibondo. Wakati huo wilaya zetu zilikuwa bado zinategemea majenereta ya dizeli. Umeme ulikatika, kisha ukarudi kwa nguvu. Amplifaya ikatoa moshi, kompyuta ikazima moja kwa moja. Fundi aliifungua hadi diski, akatikisa kichwa. Nyimbo zote zilikuwa zimekwenda, na remiksi zangu pia, huku kikoba kikinidai.

Kabla sijasimama, Machi 2020 korona ikaingia nchini, matamasha yakazuiwa na watu wakaahirisha harusi. Nikarudi kulima mihogo, na kibandani nikabaki kuchaji simu kwa sola. Mambo yalipoanza kutengemaa, Machi 2021 tukampoteza Rais Magufuli, nchi ikaingia kwenye maombolezo ya siku 21. Sisi tunaokula kwa muziki tulikaa kimya na njaa zetu. Mke wangu alikuwa mjamzito, na kuna siku tulilala kwa uji mtupu.

Baada ya maombolezo, bodaboda mmoja akaja kuchaji simu. Spika ya pikipiki yake ilikuwa inapiga remiksi yangu, ile niliyoamini imeungua.

"Umeitoa wapi hii?" nikamuuliza.

"Si ulinirushia wewe mwenyewe, kaka?"

Habari ikasambaa kijiweni. Wateja wakaanza kuleta memori kadi, nyingine zimefungwa kwenye kipande cha nailoni, nyingine zimetolewa kwenye simu zilizokufa. Mama mmoja wa kambini alileta rumba zote nilizowahi kumwekea marehemu mumewe. Kutoka Kibondo, mwalimu alituma flashi kwa kondakta wa basi. Baba mdogo akaniazima kompyuta, kikoba kikanisogezea marejesho.

Gridi ya taifa ilifika kwetu mwaka 2022, lakini bado sichomeki chombo bila stebilaiza. Deni la kikoba nimelimaliza na spika sasa ni zangu.

Kijana mwenzangu, nunua stebilaiza kabla ya spika kubwa. Na remiksi ukiimaliza usiku, asubuhi iwe tayari kwenye flashi ya mtu mwingine. Akiba haiozi, na akiba yangu mimi ilitunzwa na watu niliowarushia nyimbo, mmoja mmoja, pale Makere.