Ndege wa Pili

Shangazi yangu hakuwahi kukiri kwamba macho yake yanafifia. Alisema taa za siku hizi hazina nguvu. Akahamisha kiti kutoka sebuleni hadi barazani, na kutoka barazani hadi chini ya mwembe uani, akilifuata jua huku fremu yake ya kudarizi iko mapajani na sindano kaibana kwa midomo.

Nilihamia kwake Magomeni mapema mwaka 2021, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na alama zangu zisitoshe kuendelea. Nilikuja na begi moja na daftari kubwa lenye riwaya yangu. Mchana nilikaa naye uani nikijifanya naandika. Kumbe nilikuwa natazama mikono yake.

Msomaji mwenzangu, usidhani nazungumzia vile vitambaa vya makochi vyenye maua bapa. Ndege wa shangazi walikuwa na kifua! Kwanza humchora chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayefyonza maua, kwa karatasi ya kaboni. Kisha hukata vipande vitatu vya blanketi kuukuu, kila kimoja kikubwa kuliko mwenzake. Kidogo ndicho kinachotangulia chini, na kikubwa huja juu kuvifunika vyote, ndiyo maana kifua hutoka laini, hakina ngazi. Nyuzi huanzia mkiani kwenda kichwani ili manyoya yalaliane, kama makuti ambayo nayo huezekwa kuanzia chini. Bawa hushonwa peke yake kwenye kitambaa kingine: waya mwembamba hushikizwa ukingoni kwa mishono iliyobanana, ndani hujazwa nyuzi, halafu mkasi hupita nje kidogo ya waya. Ncha za waya hupenyezwa kwenye kitambaa kikubwa na kufungwa nyuma. Bawa linabaki huru, unaweza kuliinua kwa kidole.

Nami nikajifunza. Kijiweni washikaji wakanicheka, "We vipi, unajiandaa kuolewa?" Nikawauliza kofia za vito wanazovaa Ijumaa wanadhani zote zimeshonwa na wanawake? Wapo wanaume wengi wa pwani wanaoshona kofia. Wakanyamaza kidogo, kisha wakaendelea kucheka. Basi.

Mwaka huo huo mama mmoja wa mtaa wa nyuma aliagiza kitambaa cha ukutani kwa ajili ya harusi ya bintiye: chozi wawili wanaotazamana, ua la mkomamanga katikati. "Chozi wawili, si machozi mawili," shangazi alimtania. Wa kwanza alimaliza kwa wiki mbili, akapendeza. Wa pili alimshinda. Buluu aliiweka palipotakiwa kijani. Kipande kikubwa alikitanguliza chini, kifua kikatoka na ngazi kama za msikitini. Yeye akaona amemaliza, akaanza kushona ua.

Usiku alipolala nikachukua kitambaa na mkasi mdogo. Nikamfumua yule ndege wote, kwa mwanga wa simu. Usiku tatu nilishona, asubuhi narudisha kitambaa mahali pake. Nilijiambia namhurumia mzee. Ukweli ni kwamba niliona haya mtaa ungesema nini, na pia nilitaka kujua kama naweza.

Siku ya nne akapitisha kidole juu ya ndege wa kwanza, polepole, toka mdomoni hadi mkiani. Akaja kwa wa pili. Kidole kikasimama kifuani.

"Huyu si wangu."

"Wako, shangazi."

"Huyu kashona mtu mwenye hofu. Uzi umevutwa mno, kifua kigumu kama embe bichi."

Nikarudia kwamba ni wake. Hakubishana. Aliweka fremu chini, akaingia ndani. Siku mbili hakutoka uani. Chai nilimpelekea, ikapoa. Kiti chini ya mwembe kilikaa kitupu, na mimi sikuandika hata mstari.

Siku ya tatu nikabisha hodi chumbani kwake. "Shikamoo, shangazi. Nilifumua mimi."

"Marahaba. Najua." Alinyamaza sana. "Kama uliona nimekosea, mdomo ulikuwa wapi? Macho yakiharibika mtu huambiwa. Haibiwi kazi yake usiku."

Nikaomba radhi. Akasema mwenye kitambaa lazima aambiwe nani kashona nini, na nikamwambie mwenyewe. Nilikwenda, miguu mizito. Yule mama aliwapapasa ndege wote wawili, akalipa bei waliyopatana. Na shangazi, ambaye sasa hakuwa na siri ya kulinda, alikubali nimsindikize hospitali. Daktari akasema ni mtoto wa jicho.

Baadaye nilisoma kwamba Uingereza ya karne ya 17 nako wasichana walidarizi ndege na maua ya kuinuka, wakijaza chini sufu, singa za farasi, hata vipande vya mbao. Makumbusho ya Victoria and Albert ya London yanalo sanduku lililodariziwa na Martha Edlin mwaka 1671, akiwa na miaka 11. Jina lake limebaki. Vitambaa vya shangazi vimetapakaa Magomeni nzima, hakuna hata kimoja chenye jina. Mkono wake ndio uliokuwa sahihi yake, na mimi nilikuwa nimeighushi.

Riwaya yangu haijaisha. Sura tatu za mwanzo nimezifumua, maana nami nilitanguliza kipande kikubwa. Safari hii nilifumua mchana, na nikamsomea shangazi nilichofuta.

Alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwaka 2022. Wiki chache baadaye tulialikwa kwa yule bibi harusi, kumtazama mtoto wake wa kwanza. Kitambaa kilikuwa sebuleni, juu ya kochi. Shangazi alimpakata mtoto, akasogea ukutani, akamkodolea jicho ndege wa pili kwa mara ya kwanza.

"Mdomo umeupinda mno," akasema. "Huyu atanyonyaje?"