Safari ya Kwenda Kuuona Mlima Gelai

Karibu na stesheni kuu ya gari la moshi mjini Nairobi yako makumbusho ya reli yaliyoanzishwa mwaka 1971. Uani, juu ya vipande vya reli visivyokwenda popote, zimesimama injini za zamani, na zilizo kubwa kupita nyingine ni zile za aina ya 59. Mojawapo ina namba 5918, na ubavuni mwake pana kibao chenye jina lake: Mount Gelai, yaani Mlima Gelai. Wageni hupanda ngazi, wakachungulia tanuri, wakapigwa picha, wakaenda zao. Ni wachache wanaouliza mlima huo uko wapi.

Injini za aina hiyo zilikuwa 34. Ziliundwa Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki: Kenya, Meru, Kilimanjaro na kadhalika. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na katika reli za upana wa mita moja hapakuwa na injini ya moshi iliyozishinda kwa ukubwa. Hazikula makaa, bali mafuta mazito. Kazi yao kubwa ilikuwa kuvuta mizigo kutoka Mombasa, usawa wa bahari, mpaka Nairobi iliyo zaidi ya mita 1,600 juu.

Katika injini hiyo ya Gelai alifanya kazi mzee mmoja wa Ukambani, mwenye nyumba yake juu ya kilima karibu na Emali. Alianza kwa kusugua masizi katika karakana ya Nairobi, hata akapandishwa cheo kuwa msaidizi wa dereva, mwenye kutunza moto na maji. Watu wengi hudhani kazi hiyo ni ya misuli mitupu. Mzee alikuwa akiwaeleza wajukuu wake kwamba kwa injini ya mafuta kazi ni ya macho. Moshi ukiwa mweusi, mafuta yanapotea bure, na dereva atageuza shingo akutazame bila kusema neno. Moshi usipoonekana kabisa, moto umepungua. Ule mwembamba wa kijivu ndio unaotakiwa. Tena, kila baada ya mwendo alichota mchanga kwa kijiko kikubwa akautupa ndani ya tanuri, uvutwe na upepo wa moto usugue mabomba. Hapo injini ilitoa wingu jeusi la masizi, kisha ikapumua vema.

Mkewe alikaa Emali na watoto. Mabehewa ya mizigo yalipita chini ya kilima chake usiku, na dereva, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, alipiga king'ora kirefu mahali hapo. Mama yule akajua kwamba mumewe yu hai na ana kazi. Lakini majirani walipomwuliza bwana wake yuko wapi, alijibu kwamba yuko kwa mke mwenza. "Mke mwenza huyo anaitwa Gelai," alisema, "na mimi sijamwona uso." Mzee naye hakuwahi kuuona mlima wenyewe. Alizifahamu stesheni zote za Mombasa na Nairobi kama vidole vya mikono yake, akapitisha miaka mingi ndani ya jina la mlima ulio nchi ya pili, na reli ile haikumfikisha huko.

Injini za moshi ziliondolewa njiani, zikaja za dizeli, na mzee akarudi kulima. Kofia yake ya kazi aliining'iniza mlangoni.

Tarehe 17 Julai 2007 ardhi ilitikisika. Mjini Nairobi watu waliteremka mbio kutoka majumba marefu wakasimama barabarani. Siku hiyo mzee alikuwa Nairobi kwa mwanawe mkubwa, akitibiwa macho. Redio iliposema kwamba kitovu cha tetemeko kilikuwa karibu na Mlima Gelai katika Tanzania, alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaenda kuvaa koti. Wakamwuliza aendako. Akajibu, "Ameniita. Mnataka aniite mara ngapi?"

Mwanawe alimvua lile koti kwa upole, akamwahidi kumpeleka katika likizo ya Desemba. Desemba ya mwaka ule ilikuwa ya uchaguzi, na baada ya uchaguzi zikaja ghasia, wala hapakuwa na mtu mwenye akili aliyesafiri kwa matembezi. Mwaka uliofuata ilikuwa karo ya shule. Mwaka mwingine motokaa iliharibika. Hizo zote zilikuwa sababu za kweli, na jambo baya katika sababu za kweli ni kwamba mtu hawezi kuzionea haya. Baadaye miguu ya mzee ikavimba, na siku moja asubuhi, kabla ya mvua za vuli, akafariki. Tangu ile siku ya koti hakuwa amemkumbusha mwanawe ahadi hata mara moja. Hilo ndilo lililomkaa mwana rohoni kuliko maneno yoyote ambayo angeambiwa.

Walipofungua sanduku lake la bati walikuta kitambulisho cha reli, barua mbili tatu, tambara lililokauka mafuta, na ukurasa wa atlasi uliokunjwa mara nne. Gelai ulikuwa umezungushiwa mstari wa penseli. Mjukuu wake wa pili alipouona akanyamaza, kwa maana aliwahi kuadhibiwa shuleni kwa kuchana atlasi ile, akakana, wala hakuna aliyemsadiki.

Basi likizo ya Desemba ilipofika, mwana alikodi motokaa kubwa, akaenda Emali kumchukua mama yake. Wakawa watu saba pamoja na dereva: mwana na mkewe, watoto watatu, na nyanya aliyekaa mbele kwa sababu ya magoti. Kwanza walipita makumbusho ya reli. Nyanya alitembea polepole kuizunguka injini yote, ambayo urefu wake hupita mita 30, akalipiga gurudumu moja kofi. "Kumbe ndiye wewe," akasema. Kisha akataka waondoke.

Njia ya Namanga hupitia Athi River, Isinya na Kajiado, nayo ni nzuri, lami tupu. Kwa aliyezoea milima ya kijani, nchi hii huonekana kuwa kavu na wazi kupita kiasi. Lakini asubuhi, ng'ombe wanapokwenda malishoni na vumbi lao kupakwa jua, hata watoto waliacha kugombania dirisha. Namanga iko chini ya mlima Ol Doinyo Orok. Hapo mwana aliwapanga watu wake kwa hati zao za safari, akawaonya watoto wasifanye mzaha. Hakukumbuka kumwonya nyanya.

Afisa wa Tanzania alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo, bibi," akasema.

Nyanya alishangaa kidogo, kwa kuwa Kenya bibi ni mke wa mtu, lakini akaitikia, "Marahaba, mwanangu."

"Karibu Tanzania. Madhumuni ya safari, bibi?"

"Nakwenda kumwona mke mwenza."

Afisa akainua macho. Mwana akataka kueleza, nyanya akamzuia kwa mkono, akaieleza habari yote mwenyewe, kuanzia masizi mpaka koti, na watu waliokuwa nyuma katika safu wakaacha kunung'unika wakasikiliza. Mwisho afisa akagonga mhuri. "Mfikishie salamu," akasema.

Kusini ya Namanga hufika Longido, mahali palipokuwa na vita kati ya Waingereza na Wajerumani mwezi wa Novemba 1914. Hapo lami huachwa, na msafiri hushika njia ya vumbi kuelekea magharibi. Msomaji anayetaka kupita huko na achukue maji ya kutosha na gurudumu la akiba, la sivyo abaki kwake. Vumbi ni jeupe na laini kama unga, huingia hata ndani ya chupa iliyofungwa. Baada ya mwendo, mlima mkubwa ukatokea mbele, na mwana akamwambia dereva asimame. Wote wakateremka. Wakautazama kwa heshima, na mkewe akaanza kuomba kimya. Akapita mchungaji mmoja wa Kimasai na mbuzi wake, wakamwuliza, naye akawajibu kwamba huo ni Kitumbeine. Gelai uko mbele. Wakarudi garini wakicheka, isipokuwa mwana.

Alasiri wakauona. Lazima isemwe wazi kwamba Gelai si mlima wa kupendeza macho mara ya kwanza. Kusini yake kuna Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita mlima wa Mungu, uliochongoka kama pia iliyogeuzwa, nao ndio huvuta wageni kutoka nchi za mbali. Gelai umeketi tu. Ni mpana, mabega yameteremka, ubavuni umekatwa na makorongo mengi, na kichwani umejifunika wingu. Urefu wake ni mita 2,942, lakini upana wake humdanganya mtu akaudhani mfupi.

"Mbona mnene hivi?" akauliza mtoto mdogo.

"Ungevutaje mizigo ya Mombasa ukiwa mwembamba?" nyanya akamjibu.

Walilala Ngare Sero, kijiji kilicho kusini ya Ziwa Natron. Joto la huko ni kali, maana ziwa liko chini katika Bonde la Ufa. Maji yake ni ya magadi, hayanyweki, na mahali pengine huonekana mekundu. Hapo ndipo heroe wadogo wa Afrika ya Mashariki hujenga viota vyao vya matope; wengi wa wale wanaoonekana Nakuru na Bogoria walianguliwa huku. Watoto waliwatazama kwa mbali, mstari wa waridi juu ya maji. Walionyeshwa pia nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400, zilizokanyagwa katika majivu ya volkano yakagandamana kuwa mwamba. Wataalamu husema zina umri wa miaka isiyopungua elfu chache. Nyingine ni za watu waliokuwa wakienda mwendo wa haraka. Nyanya alikataa kusogea karibu. Alisema hao nao walikuwa na safari yao.

Mzee wa kijiji aliyewaongoza alikumbuka vizuri mwezi wa Julai 2007. Ardhi ilitikisika siku nyingi, si siku moja, na ubavuni mwa Gelai ikapasuka nyufa. Baadaye, Septemba, Lengai ukaanza kutupa majivu angani. Wataalamu waliopima nchi ile waligundua kwamba uji wa moto ulikuwa umejipenyeza ndani ya miamba chini ya Gelai, usitokeze nje. Mjukuu wa pili, yule wa atlasi, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni nani aliyekuwa akiutunza moto huo. Mzee wa kijiji hakuelewa swali, na baba yake hakulieleza.

Jioni ile nyanya aliomba kiti. Wakakiweka nje, mahali mlima unapoonekana, akaketi na ile kofia ya kazi mapajani. Wajukuu walidhani ataiacha hapo, au ataizika, kwa kuwa walikuwa wamenong'onezana hivyo njiani. Hakufanya lolote. Jua liliposhuka nyuma ya ukuta wa Bonde, makorongo ya Gelai yakajaa kivuli moja baada ya jingine. Mwana akaja akachuchumaa kando ya kiti.

"Mama," akasema, "nilichelewa."

"Ulichelewa," nyanya akajibu, macho yake yakiwa bado mlimani. Baada ya kitambo akampa kofia aishike. "Na chai yenu je, bado haijachemka?"

Mwana akaenda kuitazama chai. Aliirudisha katika kikombe cha bati, na mkononi mwa pili ile kofia. Nyanya alipopokea kikombe hakuidai kofia, naye hakujua aiweke wapi, mwisho akaivaa. Ilimtosha. Watoto walipomwona hivyo kwa nyuma, gizani, mdogo wao aliita, "Babu!" kisha akaona haya akajificha nyuma ya mama yake.

Asubuhi wingu lilikuwa limeondoka, na Gelai wote ukaonekana mpaka msitu wa kileleni. Mjukuu wa pili aliuchora nyuma ya ukurasa ule wa atlasi, makorongo yote aliyoweza kuyahesabu. Wakaondoka saa moja, kabla ya jua kuwa kali, kwa maana njia ya Longido ni mbaya.