Picha ya Ukutani na Nchi ya Dirishani

Ndugu msomaji, pita katika nyumba kumi za wafanyakazi hapa Dodoma, kuanzia Makole hadi Kikuyu, ukazitazame kuta za sebule. Utakuta picha ya harusi, picha ya mzee aliyekwisha kufariki, na kalenda. Juu ya kalenda hiyo, mara nyingi, pana mlima wenye theluji na ziwa la buluu chini yake, au nyumba ya mbao yenye maua madirishani, au ufuko wenye minazi iliyoinama. Aghalabu mwaka wa kalenda hiyo umekwisha kupita. Tarehe zake hazina kazi tena, lakini picha imeachwa kwa sababu inapendeza.

Sasa fungua dirisha la nyumba hiyo hiyo. Nje pana mbuyu, pana kilima cha mawe makubwa yaliyobebana, pana migunga, na mbali kabisa pana mstari wa samawati ambapo uwanda unakutana na mbingu. Waulize wenye nyumba mandhari nzuri iko wapi. Wengi watakuonyesha ukuta.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini si dogo. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati, familia nyingi zimekuja hapa kutoka pwani na mikoa mingine. Nimewasikia watu wazima wakisema mbele ya watoto wao kwamba Dodoma haina mandhari, kwamba ni vumbi na mawe tu. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba nimewasikia hata vijana waliozaliwa hapa wakiitikia. Mtu akisema hivyo, si macho yake yanayosema. Ni picha alizolelewa nazo. Kwa hiyo leo nakuomba tufuatane tuone picha za nchi zilianza vipi, nakala zake zilisafiri vipi hata zikafika sebuleni kwetu, na kwa nini uwanda wetu wa kati umebaki nje ya fremu.

Kila mmoja alichora kwao

Uchoraji wa mandhari ni kazi ya zamani. Wachina walikuwa wakichora milima, ukungu na maji zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na mtu katika picha hizo akawa mdogo kama sisimizi njiani. Ulaya ilichelewa. Huko, kwa karne nyingi, nchi ilikuwa pazia tu nyuma ya watakatifu na wafalme. Mabadiliko makubwa yalionekana katika karne ya 17, hasa Uholanzi, na hapa ndipo pana somo letu. Uholanzi haina milima. Ni nchi tambarare iliyojaa mifereji na malisho. Wachoraji wake, kama Jacob van Ruisdael, walipoona kwamba ardhi yao haina kimo, wakaichora mbingu: theluthi mbili za picha ni mawingu, na chini yake pamelala uwanda. Picha hizo hazikuwa za wafalme peke yao. Wenye maduka na mafundi walizinunua wakazitundika nyumbani. Nchi ambayo mgeni angeweza kuiita tupu ikawa nzuri, kwa sababu wenyewe waliamua kuitazama.

Uingereza nayo ilikuwa na John Constable. Picha yake maarufu ya mkokoteni katikati ya mto, aliyoimaliza mwaka 1821, inaonyesha mahali karibu na kinu cha baba yake, alipokulia. Picha yenyewe imo katika jumba la sanaa la taifa mjini London, bali nakala zake zimeenea duniani hata juu ya sinia na mikebe ya biskuti. Huko Japani, yapata mwaka 1830, Hokusai alianza kutoa picha za mlima Fuji zilizochongwa kwenye vibao na kupigwa chapa kwa wingi, ili mtu wa kawaida mjini aweze kuzinunua. Hizo zilikusudiwa tangu mwanzo ziwe nakala, wala hazikupungukiwa heshima.

Angalia basi, msomaji: Mholanzi alichora uwanda wake, Mwingereza mto wa kwao, Mjapani mlima wake. Kila mmoja alichora alichokiona akifungua mlango wake. Baadaye mitambo ya chapa za rangi iliyoenea katika karne ya 19 ikatoa nakala kwa maelfu, zikavuka bahari, zikafika kwetu. Tulichopokea ni milango ya watu wengine. Si kosa kuitazama. Kosa ni kudhani kwamba uzuri uliumbwa huko peke yake.

Ugogo katika kitabu cha mgeni

Usidhani hata hivyo kwamba uwanda wetu haukupata kuchorwa. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipita Ugogo wakielekea Tanganyika, na kitabu cha Burton kilichotoka London mwaka 1860 kilikuwa na picha za rangi za nchi alizopita, mojawapo ikiwa ya mkuyu mkubwa wa Ugogi. Mwishoni mwa mwaka 1860 Speke alipita tena, safari hii akiwa pamoja na James Grant. Grant alikuwa na mkono mwepesi. Alichora kwa penseli na kwa rangi za maji watu, nyumba, mimea na nchi aliyoiona. Michoro yake mingi imehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya taifa ya Scotland, mjini Edinburgh.

Lakini wasomaji wa Ulaya hawakuiona michoro hiyo. Waliona picha za kitabu cha Speke cha mwaka 1863, na safari ya picha hizo yafaa tuijue. Grant alichora njiani, juani, na homa ikimsumbua. Karatasi zake zikafika London, na huko nyingi zikachorwa upya na Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyekuwa hodari wa kuchora wanyama, ambaye hakuwamo katika msafara huo. Kisha fundi mwingine akachonga ubao, na mpiga chapa akaupaka wino. Kila mkono ulitengeneza kidogo. Mwenye kuchonga ubao hawezi kuchonga vumbi wala joto, huweka mistari. Mwenye kuchora upya ambaye hajaiona nchi huijaza kwa yale ayajuayo. Hivyo ndivyo nchi inavyoweza kuondoka Ugogo ikiwa Ugogo na kufika kitabuni ikiwa nchi ya kufikirika.

Pamoja na picha lilisafiri jina. Misafara ya biashara iliiita nyika iliyo magharibi ya Ugogo Mgunda Mkali, na wasafiri wakalichukua jina hilo hadi kwenye vitabu na ramani zao. Kwa mpagazi mwenye mzigo begani na kibuyu kikavu, jina hilo lilikuwa onyo la kweli. Kwa msomaji wa London likawa hukumu juu ya nchi nzima.

Baadaye, wakati wa utawala wa Wajerumani, alikuja Wilhelm Kuhnert, mchoraji stadi wa simba na tembo. Nyika zake zina nyasi, mwanga na mnyama mwenye fahari, lakini kwa kawaida hazina mtu, hazina tembe, hazina shamba la mtama. Nakala za kazi zake zilienea katika vitabu vya wanyama na hata kwenye chokoleti. Watoto wa Ulaya wakakua wakijua kwamba bara hili ni pori lisilo na mwenyewe. Hiyo ndiyo nguvu ya nakala, ndugu msomaji. Picha moja ikiwa na upungufu, hupotosha chumba kimoja. Nakala elfu kumi hupotosha kizazi.

Miamba ya Kolo

Je, nakala zote ni adui? La hasha. Ushahidi wake tunao katika mkoa wetu huu huu. Kaskazini ya mji wa Kondoa, katika barabara iendayo Babati, iko Kolo, na katika vilima vyake mna michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Mna twiga, pofu na tembo, na watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu ya udongo. Na juu ya baadhi yake mna michoro myeupe iliyochorwa na watu wa baadaye. Nilipoitazama kwa mara ya kwanza nilishangaa kwamba hapakuwa na mlima, mto wala upeo wa macho. Kisha nikageuka, nikaona kutoka kwenye kivuli cha mwamba uwanda wote umetandazwa chini yangu. Waliochora pale hawakuwa na haja ya kuichora nchi. Walikuwa wamechora juu ya nchi yenyewe. Na mahali pale hapajafa: katika mwamba wa Mongomi, wenyeji bado huenda kufanya matambiko, likiwamo lile la kuomba mvua.

Mwaka 1951 Mary Leakey, akiwa na mumewe Louis, alitumia miezi kadhaa katika vilima hivyo akinakili picha zipatazo 1,600. Walibandika karatasi angavu juu ya mwamba, wakafuata kila mstari kwa kalamu, kisha picha ikachorwa upya kwa rangi zake. Kitabu cha nakala hizo kilitoka mwaka 1983, na hata jina lake lilitaja sanaa inayotoweka. Jina hilo halikuongeza chumvi. Jua, maji, moshi na mikono ya watu vinazifuta picha hizo mwaka hadi mwaka, na wako waliochimba mashimo chini ya miamba wakitafuta hazina zinazosemekana kufichwa na Wajerumani. Mstari uliofutika mwambani haurudi. Waweza kubaki katika nakala tu.

Tofauti kati ya nakala za Kolo na zile za kitabu cha Speke si ufundi, maana Zwecker alikuwa fundi. Tofauti ni kwamba Mary Leakey alisimama mbele ya mwamba. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo mizani ya kupimia picha yoyote unayoileta nyumbani kwako: nakala njema hukurudisha kwenye kitu chenyewe, na nakala mbaya hukutosheleza hata usitake tena kukiona.

Kalamu mikononi mwetu

Wachoraji wetu wa kisasa walianza mapema kuichora nchi yao. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere na kisha London, aliyekuja kuwa Balozi wetu huko baada ya Uhuru, alichora miteremko ya kwao, migomba yake na watu wakiwa kazini. Picha yake mojawapo, ya mwaka 1956, imo katika jumba la sanaa ya kisasa mjini New York. Elimo Njau, naye mwana wa Kilimanjaro, alianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi, na amejulikana kwa onyo lake kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini wafuasi wake wameendelea hadi leo kumnakili na kunakiliana.

Ukizitazama kazi hizo utaona kwamba Kilimanjaro umepata wachoraji, na pwani imepata. Nembo ya Taifa, ambayo ni picha iliyonakiliwa sana nchini, nayo inawasimamisha mwanamume na mwanamke juu ya Kilimanjaro. Mbuyu umewekwa mara nyingi katika picha za kuuzia watalii, lakini kama pambo chini ya mlima wenye theluji. Uwanda wa kati bado unasubiri.

Na hauwezi kusubiri milele, kwa sababu nchi hubadilika. Katika vilima vya Kondoa mmomonyoko uliwahi kuchimba makorongo ya kutisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Miti na majani vikarudi. Mtoto wa leo anayeona kijani pale atajuaje kazi iliyofanyika, kama hakuna picha ya jana? Huku mjini, kilima kilichoonekana kutoka barazani mwaka juzi leo kimezibwa na ghorofa.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, sikuambii uing'oe kalenda yako. Nakuomba jambo jepesi zaidi. Jumapili moja, kazi za nyumbani zikiisha, mpe mwanao karatasi na penseli, mkae naye nje, umwambie achore anachokiona, si anachokikumbuka kutoka kalendani. Atakuuliza vumbi huchorwaje. Mwache ahangaike nalo. Ruisdael alihangaika na mawingu. Mwezi wa Oktoba atahitaji rangi ya udongo na ya majivu. Mwezi wa Februari, mvua zikiwa zimenyesha, mahali pale pale patataka kijani cha kila namna, na ndipo atakapojua kwamba ana nchi mbili mahali pamoja. Andika nyuma ya karatasi jina la mahali na tarehe, kisha uitundike. Mwalimu naye aweza kufanya hivyo na darasa zima, na shule yenye picha za miaka kumi za kilima kimoja itakuwa na kumbukumbu isiyopatikana katika ofisi yoyote.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Lakini mtoto hawezi kukataa wala kupenda asichofundishwa kukitazama. Kazi hiyo ya kumfundisha ni yetu.