Simbilisi wa Bibi

Kabla hujaleta simbilisi nyumbani kwa sababu tu umewaona wazuri, kaa kitako kidogo nikusimulie. Mimi nimeua mmoja. Nilimuua kwa kudhani najua.

Desemba ile nilikwenda Njombe kumsalimia bibi. Jikoni kwake simbilisi walikuwa wakikimbizana pembeni mwa mafiga, kama ilivyo katika majiko mengi ya huko, maana hufugwa kwa kitoweo. Wakimsikia bibi anaingia wanapiga miluzi, utadhani marefa. Nikamwomba watatu, majike watupu, nimpelekee mdogo wangu Neema, wa darasa la tatu. Bibi akacheka: "Haya, mjukuu wangu. Lakini huko kwenu si kuna joto?" Nikajisemea moyoni, bibi naye! Mnyama anaishi kwenye moshi, joto litamfanya nini?

Basi bwana, nikawatia kwenye boksi, tukapanda basi, hao mpaka Tandika. Mtaa mzima ulikuja kushangaa. Washkaji wakaanza kuniita "bwana mifugo". Kwa kijana aliyemaliza mwaka mzima akizungusha vyeti maofisini bila kazi, jina lile lilinikaa vizuri. Neema akawapa majina: Pamba, Kahawa na Karanga. Mimi nikawagongea banda la mbao uani, juu nikaweka bati. Chakula? Pumba na makombo ya ugali. Wanyama wa jikoni, watataka nini tena!

Wiki ya nne Karanga akaanza kuchechemea. Magoti yalivimba, ukimshika analia. Neema kila asubuhi: "Kaka, tumpeleke kwa daktari?" Nami: "Ameteguka tu, atapona." Siku moja ya Januari, jua la saa nane, nikarudi nikamkuta amelala ubavu, mdomo wazi, ameshakufa. Neema amechuchumaa kando, kikombe cha maji mkononi. Hakulia. Aliniuliza tu: "Kaka, si ulisema unajua?"

Ndipo nikawabeba wale wawili hadi kwa bwana mifugo wa kweli. Akaniuliza wanakula nini. Nilipomjibu, akatikisa kichwa. Kumbe mwili wa simbilisi, kama wetu sisi binadamu, haujitengenezei vitamini C. Asipopata majani mabichi kila siku hushikwa na kiseyeye, viungo vinauma hata kutembea hawezi. Meno yake hukua maisha yote, kwa hiyo lazima atafune nyasi muda mwingi ili yasagike. Na joto likipita nyuzi 30 laweza kumuua, kwani asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mimi nilikuwa nimemweka chini ya bati, Dar es Salaam, mwezi wa kwanza!

Mengine alinieleza wakati natoka. Usifuge mmoja peke yake, hunyong'onyea. Usichanganye dume na jike kama hujajiandaa: mimba ni kama miezi 2, na jike aweza kushika nyingine siku ileile aliyozaa. Na ujue unajifunga kwa miaka 5 hadi 8.

Jioni nikampigia bibi kumwomba radhi. Akanyamaza, kisha akasema, "Mjukuu wangu, ulipokuwa hapa hukuwaona watoto wakirudi na majani kila jioni?"

Niliwaona. Hata niliwahi kuwaruka mlangoni na mizigo yao, sikuuliza ni ya nini.

Siku hizi banda liko chini ya mwarobaini. Alfajiri nakata ukoka, na nikipata shilingi naongeza kipande cha pilipili hoho. Pamba na Kahawa wanapiga miluzi wakisikia hatua zangu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza, kutouliza kuna mwingine hukilipia. Neema hunifuata nyuma na kifuko cha majani. Tunaongea vizuri tu. Ila kila nikimwambia jambo kuhusu wale wanyama, huniuliza kwanza: "Nani kakwambia?"