Karatasi ya Kufungia Samaki

Ndugu msomaji, kabla hatujafika mbali naomba nikiri kosa langu. Nilimtukana mama yangu mzazi kwa maandishi, na tusi lenyewe nililifurahia sana usiku nilipolipata. Umeme wa luku ulikuwa umeisha, nikawasha mshumaa, nikaliandika kwenye daftari, nikalisoma kwa sauti, nikajipigapiga kifua. Sasa wewe ni mwandishi, nikajiambia.

Sentensi yenyewe ilikuwa hivi: "Bibi kizee yule alikuwa na makunyanzi pembeni mwa macho, uso wake ukafanana na gazeti lililofungiwa samaki wa kukaanga."

Bibi kizee wa hadithi nilimpa miaka 70. Macho yake niliyachukua kwa mama yangu, ambaye ana miaka 46.

Mama anakaanga samaki pale Feri, Dar es Salaam. Kazi hiyo ndiyo iliyonilea, ikanisomesha hadi kidato cha nne nilichomaliza mwaka 2018. Matokeo yalipotoka hayakuwa ya kufanyiwa sherehe. Tangu hapo alfajiri namsaidia kubeba ndoo na kuni, halafu narudi nyumbani kuandika riwaya. Masela wa mtaani wananiita "Profesa", na si kwa heshima.

Mimi rasimu nikishaichoka naisukuma chini ya kitanda. Mama naye si mtu wa kutupa karatasi. Hukusanya magazeti, madaftari ya watoto wa majirani, chochote kile, anakwenda kufungia samaki. Kumbe na rasimu zangu zilikuwa zinakwenda Feri siku nyingi! Pengine kuna watu mjini hapa wamekula changu kwenye sura ya tatu ya riwaya yangu bila kujua.

Jioni moja alirudi, nikamwamkia, akachelewa kuitikia. Akaweka mezani ukurasa mmoja wenye doa la mafuta.

"Huyu bibi ni nani?"

"Mtu wa kubuni tu, mama."

"Anakaanga samaki Feri. Ana kovu la mafuta ya moto mkono wa kushoto. Amevaa khanga ya korosho. Wa kubuni?"

Akacheka kidogo, akaenda kuoga. Basi, yakaisha. Mama akigomba una nafuu. Mama akinyamaza, jamani, ogopa.

Wiki iliyofuata kikaonekana kikopo cheupe kwenye dirisha la chumba chake. Hakina jina la kiwanda, hakina tarehe, hakina maelezo. Alikinunua kwa shilingi 7,000 kwa dada mmoja anayepitisha vipodozi mitaani, aliyemwambia kwamba ni "dawa ya makunyanzi, unarudi usichana". Shilingi 7,000 kwa mama ni faida ya siku mbovu nzima. Sikumuuliza kitu. Nilijua vizuri kilichompeleka huko.

Na kibaya zaidi, ndugu msomaji, mwanzoni ile kitu ilifanya kazi. Siku kumi hivi uso ulilainika, ukang'aa, mama akawa anaimbaimba asubuhi. Nikamwambia, "Mama, umependeza." Naam, mimi mwenyewe nilimsifia! Nilikuwa najisafisha na dhambi yangu kwa sifa za bure. Akazidisha kupaka, asubuhi na usiku, mpaka kwenye kope.

Mwezi wa pili ngozi chini ya macho ikawa nyekundu, ikawasha, ikaanza kubanduka. Macho yakawa yanatoa machozi kutwa. Yeye anasema ni moshi. Alipoacha kupaka siku mbili uso ukaungua kama umepigwa pilipili, akarudia kupaka ili apate nafuu. Hapo ndipo nikaogopa. Nikamwambia twende hospitali. Akasema hana muda. Nikamwambia kesho mimi ndiye nitakaanga samaki nzima nzima bila kuzipaa magamba, wateja wamkimbie. Akavaa khanga tukaenda.

Daktari wa ngozi alikuwa mama wa makamo, na yeye ana makunyanzi yake pembeni mwa macho. Alikifungua kile kikopo, akakinusa, akakifunika.

"Mama, hiki kilichomo humu siwezi kukuambia kwa kunusa. Lakini uso wako unanieleza. Dalili hizi ni za steroidi kali. Inatuliza ngozi mwanzoni, unaona raha. Ukiendelea inaifanya nyembamba kama karatasi, na ukiacha inalipiza kisasi. Karibu na macho ni hatari zaidi, maana inaweza kukuletea presha ya macho na mtoto wa jicho. Watu wanapofuka hivi hivi."

Akatueleza kwamba vikopo vya namna hiyo huweza pia kuwa na haidrokwinoni au zebaki, vitu ambavyo Tanzania imevipiga marufuku katika vipodozi. Zebaki haiishii usoni. Inapenya ngozi, inakwenda hadi kwenye figo.

Mama alinyamaza. Halafu akauliza swali ambalo mimi mtunzi wa hadithi sikuwa nimewahi kuliuliza: "Sasa dokta, haya makunyanzi yenyewe yametoka wapi? Dada yangu ananizidi miaka minne, hana."

Daktari akavuta kiti. Akasema ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, kama nusu milimita hivi, na haina mafuta ya kutosha ya kujilainisha. Chini yake kuna msuli uliozunguka jicho kama pete. Ukicheka, ukilia, ukifinya macho kwa sababu ya jua au moshi, pete hiyo inajikaza na ngozi inajikunja juu yake. Ukiwa kijana inajinyoosha yenyewe, maana ndani yake kuna nyuzi za kolajeni zinazoipa uimara na za elastini zinazoivuta irudi mahali pake, mfano wa mpira wa suruali. Miaka ikienda nyuzi zinapungua. Mpira ukilegea, mkunjo unabaki hata ukiwa umelala.

"Lakini umri peke yake hauna haraka," akasema. "Mharakishaji mkubwa ni jua. Sisi weusi tuna kinga ya rangi yetu, ndiyo maana tunachelewa kuliko Wazungu. Kuchelewa si kusalimika. Dada yako anafanya kazi gani?"

"Anashona nguo. Ndani."

"Na wewe?"

Mama hakujibu. Alinitazama mimi.

Nilimwona pale Feri akilini mwangu kama sijawahi kumwona. Asubuhi jua linachomoza upande wa bahari, maji yanalipokea na kumrushia usoni kwa mara ya pili. Mbele yake karai la mafuta linarusha cheche, chini kuni mbichi zinafuka moshi. Amefinya macho hivyo kwa miaka 20 na ushee. Kila mwaka mmoja wa shule yangu ulikunjwa pale. Na mimi nikauita gazeti.

Tulipotoka kwenye chumba kile nilitaka kusema maneno mazuri. Nikaanza, "Mama, makunyanzi yako ni kama kitabu cha..."

"Koma," akanikatiza. "Usiniletee mashairi. Wewe una ngozi ya miaka 24, ndiyo maana unaona makunyanzi matamu. Mimi nataka kupendeza. Ni dhambi?"

Si dhambi. Nimelifikiria sana jibu lile. Sisi tunaojifunza kuandika tuna tabia mbili kuhusu uso wa mtu mzima: ama tunaucheka, ama tunaugeuza sanamu ya kuabudiwa. Mwenye uso hatumuulizi.

Basi nikaamua nitafute habari yenyewe. Nilikwenda Maktaba Kuu ya Taifa, siku nyingine nikaazima simu ya mshikaji wangu, nikasoma. Nikakuta kwamba Waingereza huiita mikunjo hii miguu ya kunguru, na Wafaransa huiita mguu wa bata bukini. Kila taifa na ndege wake! Nikakuta habari ya dereva wa lori wa Marekani, mzee wa miaka 69, ambaye madaktari walichapisha picha yake mwaka 2012. Aliendesha lori miaka 28. Kule dereva hukaa kushoto, na shavu lake la kushoto, la upande wa dirisha, lilikuwa limekunjamana vibaya sana kuliko la kulia. Uso mmoja, umri mmoja, jua tofauti. Kioo cha dirisha huzuia mionzi inayobabua ngozi juu juu, lakini ile inayopenya ndani na kukata nyuzi zake inapita. Tangu siku hiyo nikipanda daladala namtazama dereva shavu la kulia.

Nikasoma pia juu ya sindano za matajiri. Mwaka 1987 huko Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa akitibu wagonjwa ambao kope zao hujikaza zenyewe, akitumia kiasi kidogo mno cha sumu ya bakteria iitwayo botulinamu, inayolegeza misuli. Mgonjwa mmoja akapenda jinsi paji lake lilivyonyooka. Mume wa daktari huyo, Alastair, alikuwa daktari wa ngozi. Wakafanya utafiti pamoja, wakauchapisha mwaka 1992. Marekani iliidhinisha sindano hiyo kwa mikunjo ya katikati ya nyusi mwaka 2002, na kwa ile ya pembeni mwa macho mwaka 2013. Inadumu miezi mitatu au minne, kisha unarudi tena na pochi. Nilipomsimulia mama alishangaa, "Sumu? Ya kulipia? Kila miezi minne?" Akasema kwa pesa hiyo heri anunue friza.

Ya kwake daktari alimwandikia yasiyo na mbwembwe. Kikopo kikatupwa, ngozi akaachiwa ipone wiki kadhaa huku akirudi kuonwa, na shinikizo la macho likapimwa. Namshukuru Mungu, lilikuwa salama. Baada ya hapo ni kofia pana, miwani ya jua yenye kinga halisi ya mionzi (si giza la kioo tu), na mafuta ya kujikinga na jua ya SPF 30 au zaidi, yanayorudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Usiku, mafuta ya mgando ya kawaida: hayafuti mkunjo, ila yanazuia maji yasitoke kwenye ngozi, na ngozi yenye maji haionyeshi sana mikunjo midogo. Ipo pia tretinoini, dawa ya ukoo wa vitamini A, ambayo kweli hupunguza mikunjo midogo. Lakini inataka miezi, inataka daktari, inawasha, inaongeza kuungua na jua, na mjamzito haruhusiwi kuigusa. Mama akaambiwa aisubiri, ngozi yake kwanza ipone. Na sigara, ambayo mama havuti, ndiyo adui mwingine mkubwa. Hilo daktari alilisema akinitazama mimi. Sijui alinusa nini.

Mwisho akamwambia, "Mama, hebu nisomee hapa." Akampa karatasi ya maandishi madogo. Mama akaisogeza mbali, akafinya macho, akaisogeza tena.

"Ona, hata humu ndani hakuna jua wala moshi, unakunja. Nenda chumba cha macho."

Ikawa hivyo. Umri wa arobaini na kitu lenzi ya jicho hukakamaa, maandishi ya karibu yanakimbia. Miaka kadhaa mama alikuwa anafinya macho kusoma noti, kuhesabu chenji, kuchagua mchele. Na kusoma rasimu za mwanawe chini ya taa ya Feri. Maana siku hiyo ndipo nilipojua: hakuwa ameuokota ukurasa ule kwa bahati. Alikuwa anasoma kila ukurasa kabla ya kufungia samaki.

Miwani tuliinunua shilingi 15,000. Niliilipa mimi, kwa pesa ya kubeba mizigo. Ngozi ilichukua miezi mitatu kutulia, na chini ya jicho la kushoto limebaki doa jeusi ambalo daktari anasema litafifia polepole. Makunyanzi yapo. Yamepungua kidogo, labda, au nimeyazoea. Kofia anavaa, ingawa wenzake pale Feri wanamwita Mtalii.

Riwaya yangu sasa ina msomaji rasmi. Sentensi ile niliifuta, lakini bibi yule nilimwacha. Juzi mama alikaa kitako, miwani puani, akasoma sura nzima akiwa na kalamu yangu mkononi. Alikata mstari mmoja kuhusu mafuta yanavyochemka, akaandika pembeni "UONGO". Alipofika kwa bibi, akafuta 70, akaandika 46.

Halafu akanitazama juu ya miwani.

"Na mbona humpi hata mchumba?"