Methali Niliyoilipia



Methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta" umeikariri tangu shule ya msingi. Mimi nimeifundisha kwa miaka tisa. Hata hivyo, sikuielewa vizuri hadi nilipojenga ukuta wenyewe, tena wa jirani.

Naishi Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kwenye kiwanja chenye mteremko. Nilipohamia pale nilitaka ua safi. Nikang'oa ukoka wote pamoja na michaichai iliyopandwa ukingoni, kisha nikawa nafagia kila asubuhi. Wageni walinisifu. Bibi wa nyumba ya chini hakunisifu. Alisema tu, "Mwalimu mwanangu, majani yale yalikuwa yameshika udongo. Masika yanakuja."

"Sawa, Bibi," nilimjibu, nikaendelea kufagia.

Huo ulikuwa mwezi wa Januari. Machi, mvua za kwanza zilichora kijifereji chembamba katikati ya ua. Nilikiona. Nikajiambia nitakiziba Jumamosi. Jumamosi ikafika, nikasahihisha madaftari. Aprili ilinyesha usiku kucha. Maji yalikifuata kijifereji kile, yakabeba udongo wangu na kuangusha ukuta wa jiko la Bibi. Asubuhi nilimkuta anaanika mahindi yaliyolowa, gunia zima. Hakunigombeza. Aliniuliza kama nimekunywa chai. Ningependa angenigombeza.

Nililipa matofali, fundi na mahindi. Kisha nikaanza kuusoma ua wangu upya, msimu kwa msimu. Juni, mvua zilipokwisha, nilichimba mitaro inayokatiza mteremko badala ya kuufuata, ili maji yapunguze mwendo na kuzama ardhini. Udongo niliochimba niliufanya tuta. Vuli ilipoanza, nilipanda michaichai juu ya matuta na ukoka katikati yake, ili mvua zisaidie mizizi kushika. Machipukizi alinipa Bibi mwenyewe. Januari, jua lilipokuwa kali, nilitandaza nyasi kavu kwenye mashina ili unyevu usipotee. Februari nilizibua mitaro, kwa sababu mtaro uliojaa mchanga hauna tofauti na mtaro ambao haukuchimbwa. Masika yaliyofuata maji yalishuka kwa Bibi yakiwa machache na ya taratibu.

Nakuandikia haya kwa sababu mbili. Kwanza, ukiulizwa kufafanua methali, usiishie kwenye maana ya juu na ya ndani. Toa tukio lenye mahali, watu na hasara, ili msomaji auone ufa na ukuta. Pili, nawe una kijifereji chako. Ni ile mada uliyoiruka mwezi wa pili ukisema utairudia. Unaijua kwa jina. Izibe wiki hii, wakati bado ni nyembamba.

Mtihani wako utakwisha wakati wa vuli. Ukirudi nyumbani, usikimbilie kulala. Mvua ikinyesha, simama barazani uangalie maji ya ua wenu yanaelekea mlangoni kwa nani. Kisha chukua jembe.