Kijiji Kinachogawana Maji kwa Dakika

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Somo la mirathi wengi wenu huliona ni la hesabu tu: nusu, thuluthi, sudusi. Leo napenda kuwaelezea kijiji kimoja cha wakulima nilichokaa siku kadhaa wakati wa mavuno ya ngano, nilipokuwa masomoni Pakistan. Mwenzangu wa darasani ndiye aliyenialika kwao. Huko niliona kwamba mafungu yale yana watu nyuma yake.

Kijiji kiko jimbo la Punjab, si mbali na mji wa Faisalabad. Neno Punjab ni la Kifarsi, maana yake maji matano, yaani mito ya Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej. Vijiji vya upande huo huitwa chak, na vingi vinajulikana kwa namba. Baada ya namba hufuata herufi mbili, kama GB, RB au JB, kuonyesha kijiji kinakunywa maji ya tawi gani la mfereji mkubwa. Hata anwani ya mtu huko inaanzia kwenye maji.

Zamani eneo hilo lilikuwa nyika kavu, wakizunguka wafugaji na ngamia na ng'ombe wao. Mwaka 1892 serikali ya Kiingereza ilifungua mfereji kutoka mto Chenab. Nyika ikapimwa kwa mistari iliyonyooka, ikakatwa miraba, wakaletwa wakulima kutoka wilaya za mashariki zilizokuwa zimejaa watu: Waislamu, Masingasinga na Mabaniani. Wafugaji wakapoteza malisho yao, na baadhi yao wakapewa mashamba na kujifunza kulima. Mji uliojengwa hapo uliitwa Lyallpur kwa jina la gavana James Lyall, na mwaka 1977 ukabadilishwa kuwa Faisalabad kwa kumuenzi Mfalme Faisal wa Saudia.

Si kila mwanakijiji alipata ardhi. Mhunzi, seremala, mfinyanzi, kinyozi na mshona viatu waliishi kwa kazi ya mikono yao, wakilipwa fungu la nafaka kila mavuno. Wapunjabi wengi, wakiwemo mafundi, ndio waliokuja kwetu Afrika Mashariki kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, kati ya mwaka 1896 na 1901. Wale Masingasinga babu zetu waliwaita Makalasinga.

Kilichonistaajabisha zaidi ni ugawaji wa maji. Mashamba yote yanayokunywa kwenye tundu moja la mfereji hugawana saa 168 za wiki, kila mmoja kwa kadiri ya ekari zake. Mwenye shamba dogo hupata dakika tu. Zamu yako ikiangukia saa nane za usiku, utaamka na jembe lako. Na ili mtu mmoja asiwe wa usiku daima, ratiba husogezwa saa 12 kila mwaka, aliyekuwa wa usiku naye apate mchana. Baba wa mwenzangu alisimama mtaroni na saa yake mkononi, na jirani yake ng'ambo na saa yake. Kuchukua dakika tano za mwenzio ni aibu kubwa, na watu wamewahi kupigana majembe kwa ajili yake.

Jioni tulikaa juu ya vitanda vya kamba, tukinywa mtindi wa nyati wa kufugwa na kula sukari guru, na babu yake akatusimulia ya mwaka 1947. India ilipogawanywa Agosti mwaka huo, Masingasinga na Mabaniani wa huko walihamia mashariki, na Waislamu wa Jalandhar, Ludhiana na Hoshiarpur wakaja magharibi. Zaidi ya watu milioni 10 walihama, na waliouawa ni mamia ya maelfu, wa dini zote. Babu alifika akiwa mtoto, juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Katika nyumba waliyopewa walikuta gunia la ngano. Walikuwa na njaa, lakini mama yake alitambua kuwa ni mbegu, akakataa isisagwe. Alisema, "Aliyeiweka alikusudia kuipanda." Wakaipanda.

Sasa ndugu zangu, watu hawa walioogopa dakika za jirani na mbegu za aliyeondoka, dada zao hawakuwa na shamba. Tangu sheria ya mwaka 1872, mahakama za Punjab zilifuata mila katika mirathi, na kwa mila ya wakulima ardhi ilikwenda kwa wanaume. Mwaka 1948 Punjab ya Pakistan ilipitisha sheria kwamba mirathi ya Waislamu, pamoja na mashamba, ifuate Sharia. Mwaka 2011 kumnyima mwanamke urithi wake kukafanywa kosa la jinai. Hata hivyo, dada wengi bado hutia saini kuwa wamewasamehe kaka zao.

Dada yake babu alikuwepo. Kwa adabu, kupitia kwa mwenzangu, nilimuuliza kwa nini alisamehe fungu lake. Akajibu, "Ningelichukua shamba, mlango wa kaka yangu ungefungwa. Mume akiniacha ningekwenda wapi?" Babu alisikia, akainamisha kichwa.

Wanafunzi wapenzi, huo si msamaha. Yule bibi alinunua mlango wa kwao kwa haki yake. Mali iliyotolewa kwa haya na hofu haina ridhaa ndani yake, na mali ya Muislamu haihalaliki bila ridhaa yake. Njia salama ni hii: mpe dada fungu lake mkononi, liandikwe kwa jina lake. Baada ya hapo akitaka kukupa, akupe.

Baba wa mwenzangu amekwishafariki, Allah amrehemu. Mwenzangu na kaka yake walikwenda kwa karani wa ardhi kuandikisha mafungu ya dada zao wawili. Kaka mkubwa alinuna mwaka mzima. Dada mmoja amekataa kuandikwa mpaka leo. Wa pili amekubali, na katika ratiba ya mfereji dakika zake zimeandikwa kwa jina lake.

Nasi tusiwacheke Wapunjabi. Minazi na nyumba za urithi ambazo dada zetu hawajaonyeshwa hata karatasi zake, zimo mitaani mwetu. Wazazi, semeni mngali hai. Nanyi vijana mtakaporithi, kumbukeni kwamba sura ya An-Nisaa imetaja fungu la binti kama ilivyotaja lenu.

Allah atuwezeshe kutoa haki kabla hatujaulizwa. Amin. Wabillahi tawfiq.